Karo Iliyotoka Baharini



Usiku wa kuamkia Ijumaa moja ya muhula uliopita uliingia kwenye simu yangu ujumbe wa sauti wa dakika 4. Aliyeutuma ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye ni mhudumu wa vyumba kwenye meli ya kitalii huko bahari ya Karibi. Nyuma ya sauti yake injini ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga. "Sheikh," alisema (ananiita hivyo kwa utani tangu nilipoanza kusoma taaluma za Kiislamu), "wamenipandisha. Natoka vyumbani naenda mezani. Bakshishi ya mezani ni karibu mara mbili. Ila mezani kuna mvinyo, na mimi ndiye nitakayeufungua na kuumimina. Nipe jibu la kitabuni, usinipe la moyoni."

Nilisikiliza mara tatu, kisha nikazima simu. Nilikaa siku 8 bila kumjibu.

Ndugu msomaji utasema, mwanafunzi wa fiqhi wa mwaka wa tatu anashindwaje na suala la pombe? Hilo hata mtoto wa madrasa analijibu. Kweli. Lakini anayenilipia karo ni yeye. Chumba ninacholala hosteli, nakala za vitabu nilizochapisha pale mbele ya geti, hata simu niliyosikilizia ujumbe wake, vyote vimetoka kwenye meli ile. Mtu akiulizwa hukumu ya mkate akiwa bado anautafuna, ulimi unakuwa mzito. Makala hii ni hesabu ya siku zile 8, na sijui kama nimezimaliza.

Kwanza niseme kuhusu meli, maana wengi wetu huku bara tunazijua kwa picha tu. Mimi meli niliyowahi kupanda ni moja, MV Liemba, ile ya Ziwa Tanganyika iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913. Niliipanda Mei 2015 nikiwa na miaka 12. Sisi ni watu wa Rumonge, na mwaka ule watu wetu walikimbia kwa maelfu wakafika Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Hakukuwa na gati pale. Tulibebwa kwa mitumbwi mpaka ubavuni mwa meli, tukavutwa juu kwa mikono. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia kijijini. Ndani ya Liemba nilikaa sakafuni, mgongo wangu kwenye mgongo wa mzee nisiyemjua, mama akanipa biskuti moja akaivunja nusu, nusu nyingine akairudisha kwenye kanga. Nikisikia neno meli, nasikia harufu ya sakafu ile.

Sasa chukua Liemba, ambayo ina urefu wa mita 71 hivi. Zipange Liemba 5 moja nyuma ya nyingine, bado hujafika mwisho wa Icon of the Seas, yenye mita 365. Meli ya kaka yangu sitaitaja, lakini Icon inajulikana na kila mtu anaweza kusoma habari zake. Ilijengwa Turku, Finland, ikaanza safari zake Miami mwezi Januari 2024. Ina sitaha 20. Ukihesabu watu wawili kila chumba, inabeba abiria 5,610, na wafanyakazi 2,350 wa kuwahudumia. Ina mabwawa 7 ya kuogelea, mitelezo 6 ya maji, na bustani yenye mimea hai katikati ya meli. Sehemu za kula, kunywa na kuburudika, kampuni yenyewe inasema zinazidi 40. Kuna chumba kimoja cha familia chenye ghorofa 3, na ndani yake kuna mtelezo wa watoto kushuka kutoka ghorofa moja kwenda nyingine. Vyumba vya bei ya chini viko ndani kabisa, havina dirisha. Anayeongeza pesa anapata dirisha, anayeongeza zaidi anapata roshani ya kutazama bahari. Kwa hiyo hata bahari yenyewe, ambayo Mwenyezi Mungu ameitandaza bure, humo ndani inauzwa kwa kipimo cha kioo.

Kaka yangu alikuwa na vyumba 18. Alivisafisha asubuhi, na jioni abiria walipokwenda kula alivirudia tena: kubadilisha taulo, kutandika, kupunguza taa. Taulo anazikunja ziwe mnyama, leo tembo, kesho kima, anamwacha kitandani ili mtoto wa mgeni akirudi afurahi. (Nilimtania kwamba tuna mlango mzima wa hukumu ya taswira. Akanijibu kwamba tembo wake hafiki asubuhi, anaogewa.) Kazi ikiisha anashuka chini, sitaha ambazo abiria hazioni. Kuna ujia mrefu unaopita meli nzima, wafanyakazi wanauita I-95 kwa jina la barabara kuu ya Marekani, mizigo na watu wanapishana humo usiku na mchana. Chumba chake ni cha vitanda viwili vya juu na chini, yeye na kijana wa Indonesia, hakina dirisha. Wanaswali kwa zamu kwa sababu nafasi ya kusujudu ni ya mtu mmoja.

Hasira yangu ya kwanza ilikuwa ya israfu, na nadhani ndiyo hasira ya kila mmoja wetu. Ukumbi mkubwa wa chakula, kando yake meza za kujipakulia zinazojazwa tangu alfajiri, migahawa ya kulipia zaidi kwa anayechoka na vya bure, piza saa sita za usiku. Kaka alinieleza kwamba wiki ya kwanza kilichomuumiza ni mikate. Si nyama, mikate. Inarudi mizima, imeguswa kidole kimoja. Kisha inakwenda wapi? Hili nililifuatilia. Sheria za kimataifa za kuzuia uchafuzi wa bahari, zile zinazoitwa MARPOL, zinaruhusu meli kumwaga mabaki ya chakula baharini. Katika maeneo yaliyowekewa ulinzi maalumu, Karibi ikiwa mojawapo, meli sharti iwe imefika maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, na chakula kiwe kimesagwa kipite kwenye tundu zisizozidi milimita 25. Nikasimama kwenye kipimo hicho. Mtume (s.a.w.) alitufundisha tonge likianguka tuliokote, tuondoe uchafu, tule, tusimwachie shetani. Hapa tonge linaokotwa, linapimwa kwa milimita, kisha linatupwa kwa mujibu wa sheria.

Usiku huo chumbani tulijadiliana, na mwenzangu mmoja anayesoma uchumi akanipiga swali ambalo lilinikwama. Akasema, "Hiyo israfu unayoilaani ndiyo mshahara wa kaka yako. Wakianza kula kwa adabu za Suratul A'raf kesho, nusu ya wahudumu wanateremshwa bandarini." Kihesabu ana haki. Niliwaza sana namna ya kumjibu, na jibu nililolipata si kamili. Mwanachuoni hakatazi israfu kwa sababu inamfilisi mtu tu. Imepokewa kwa Ibn Mas'ud kwamba ubadhirifu ni kutoa mali mahali pasipo haki yake. Kipimo hapo si wingi, ni mahali. Tajiri akila vizuri na watoto wake, akawapa wafanyakazi ujira wa haki, sioni wa kumlaumu, hata kama meza yake ni ndefu. Si kila raha ni dhambi, na tusijifanye hatuipendi. Kwenye harusi ya mwenzetu mwezi wa pili niliona sahani zetu wenyewe, na pilau iliyobaki juu yake, hakuna aliyesoma aya. Mkate uliosagwa baharini haukumfaa aliyenunua wala aliyeoka. Kwamba kuna mtu alilipwa kuusaga hakuugeuzi kuwa sadaka.

Lakini kadiri nilivyozidi kusoma, ndivyo nilivyoona kwamba israfu haikuwa shida yangu kubwa. Kuna hadithi nyingine iliyonishika zaidi, ipo kwa Bukhari: mtumishi wako akikuletea chakula chako, kama hukumkaribisha akae nawe, basi mpe tonge moja au mawili, kwa sababu yeye ndiye aliyeshughulika na moto wake. Tazama sababu aliyoitaja Mtume (s.a.w.). Hakusema mpe kwa kuwa ni maskini. Alisema moto ulimfika yeye, kwa hiyo ana haki kwenye chakula hicho. Melini ngazi zimepangwa mpaka kwenye kula: maofisa wana chumba chao cha kulia, watumishi wa kati chao, na mabaharia na wahudumu chao huko chini. Kaka hana malalamiko ya njaa, wali upo kila siku. Ila sahani ya samaki inayopita mikononi mwake mara 60 kwa usiku, hana ruhusa ya kuionja, na ikirudi haijaguswa, njia yake ni kwenye mashine ya kusaga.

Na kazi yenyewe. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unaweka ukomo wa saa 14 za kazi kwa siku na 72 kwa wiki, kwa njia moja ya kuhesabu. Niliposoma nilidhani nimekosea tarakimu. Saa 72 ni ukomo unaolinda! Mkataba huohuo unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi, lakini wakala mmoja kule pwani alimtoza kaka yangu pesa ambazo baba yake alizipata kwa kuuza kipande cha shamba la michikichi. Miezi 9 ya mkataba wa kwanza alikuwa analipa shamba. Hili naliandika ili asitokee ndugu hapa chuoni akadhani kaka yangu alikwenda kutafuta anasa. Alikwenda kukomboa michikichi, na alipoikomboa akaanza kunisomesha mimi.

Sasa mvinyo. Hadithi ya Anas aliyoipokea Tirmidhi na Ibn Majah inataja watu 10 waliolaaniwa kwa ajili ya pombe, na sisi hupenda kuisoma tukimtazama mlevi. Lakini mnywaji ni mmoja tu katika 10. Waliobaki ni watu wa kazi: anayekamua, anayebeba, anayemimina, anayeuza, anayekula thamani yake. Ni kama ramani ya biashara nzima, na kaka yangu ananiuliza yeye asimame wapi kwenye ramani hiyo. Nilitafuta mlango. Nilikuta kwamba Abu Hanifa aliruhusu Muislamu kuajiriwa kumbebea pombe asiyekuwa Muislamu, kwa hoja kwamba kubeba si kunywa, na dhambi inakuja kwa kitendo cha mwingine mwenye hiari yake. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad, hawakukubaliana naye. Na sisi ni Mashafii, na kwetu hakuna wasaa huo. Nakiri kwamba kwa usiku mmoja nilikuwa Mhanafi. Nilikuwa Mhanafi kuanzia isha mpaka alfajiri, nikatambua kwamba sikuhamia kwa dalili, nilihamia kwa karo.

Kisha nikajaribu mlango wa dharura. Tunasoma kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, na kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Mtu atakayekufa kwa njaa ana dharura. Mtu ambaye akikataa kazi ya mezani atabaki kwenye vyumba 18 na mshahara uleule wa jana, ana dharura gani? Yeye hana. Mwenye shida ni mimi, maana kwa mshahara wa vyumba tu nisingemaliza mwaka wa nne. Basi je, shahada yangu ya taaluma za Kiislamu ni dharura ya kumhalalishia mtu kumimina mvinyo? Nikiandika swali hili hata mimi nacheka, lakini usiku ule sikucheka.

Mlango wa tatu ulikuwa mwepesi kuliko yote, na ndio ninaouogopa. Imepokewa kwamba Ibn Mas'ud aliulizwa kuhusu jirani anayekula riba na anaalika watu chakula. Akajibu kwa maana kwamba aliyealikwa anapata raha yake na dhambi inabaki kwa yule mwenyeji. Wako wanachuoni waliojenga juu yake kwamba mali iliyo haramu kwa njia ya kuchumwa, haramu yake inamfuata mchumaji, haimfuati aliyepewa zawadi au matumizi. Kwa hiyo mimi niko salama! Kaka abebe chupa na laana, mimi nibebe kitabu na shahada. Sijui kwenu, lakini kwangu fatwa inayonisafisha mimi na kumwacha aliyenilisha na mzigo wote, hata ikiwa sahihi, siwezi kuisoma mbele yake. Na si mimi pekee. Madrasa yetu Rumonge ina mabati mapya, na pesa zake zimetoka kwenye bakshishi za meli. Siku ya kuyapandisha tuliomba dua ndefu, hakuna aliyeuliza.

Kuna hadithi ya meli ambayo sote tumeisikia kwenye khutba. Nu'man bin Bashir (r.a.) anasimulia mfano wa watu waliopiga kura ya nafasi melini, wengine wakapata juu, wengine chini. Wa chini wakitaka maji hulazimika kupita kwa wa juu, wakaona bora watoboe tundu upande wao wasiwasumbue wenzao. Wakiachwa, wote wanazama. Wakizuiwa, wote wanaokoka. Khatibu huisimamisha hapo: tukatazane maovu. Ni kweli, na ndiyo maana ya wazi ya hadithi. Lakini katika siku zile 8 nilikwenda kutazama Bukhari ameiweka wapi, nikaikuta kwenye kitabu cha ushirika, katika mlango wa kupiga kura wakati wa kugawana. Nikasoma upya kama sijawahi kuisikia. Walipiga kura. Hakuna aliyekaa juu kwa sababu alistahili, wala aliyekaa chini kwa sababu ya ubaya wake. Na wa chini hawakuanza na uovu, walianza na kiu.

Katika meli ya kaka kura ilikwishapigwa kabla hajazaliwa. Pasipoti ndiyo kura. Aliyezaliwa Florida anapata roshani, aliyezaliwa Rumonge anapata I-95. Sisemi hili kumtetea anayetoboa. Tundu ni tundu, nami nadhani kumimina mvinyo ni tundu. Nasema tu kwamba mtu wa kushuka chini na kumshika mkono asimkute pale na kiu yake akamwachia kiu hiyohiyo. Na sitaha zangu mimi ni zipi? Kwa abiria mimi ni mtu wa chini kabisa. Kwa kaka yangu mimi ni mtu wa juu: nakaa kivulini, nasoma, naletewa.

Siku ya nane nilimpigia. Nilimwambia kwanza kwamba mimi si mufti na kwamba nina masilahi kwenye jibu, kwa hiyo alipeleke swali kwa mwingine pia, nikampa namba ya shekhe wetu mmoja. Kisha nikamwambia ninachoamini. Kuumimina hairuhusiki kwetu, na dharura siioni. Akiweza aombe kubaki vyumbani, au jikoni, au sehemu za kahawa, hata kama ujira ni mdogo. Nikamwambia karo asiihesabu. Nitaahirisha mwaka nifundishe madrasa, au nitamaliza polepole. Sauti ilinitetemeka, nilijiona kama niko kwenye mimbari.

Alinyamaza, nikasikia ile injini. Kisha akacheka, si kwa kejeli. "Sheikh, wewe siku 8 ulikuwa wapi? Walinitaka nijibu siku ya tatu. Nimeshaanza mezani tangu Jumapili." Akaniambia chupa ya kwanza mkono ulimtetemeka, mgeni akadhani ni mgeni wa kazi, akampa dola 20 za kumtia moyo. Akaniambia anatafuta nafasi ya kurudi vyumbani ila mwenye vyumba vyake sasa ni kijana mwingine, na mtu hapandi na kushuka anavyotaka, labda mkataba ukiisha mwezi wa tisa. Akaniuliza kuhusu sala: yeye ambaye nyumba yake ni meli, apunguze au akamilishe? Hilo nilikuwa nalijua, nikamweleza tofauti ya Shafii na Ahmad kwa raha, tukazungumza robo saa nzima kama hakuna kilichotokea.

Pesa za muhula huu zimeingia Jumanne iliyopita. Mwisho wa kulipa ni Ijumaa ijayo saa kumi. Bado ziko kwenye simu.